Kutoka Mhuni hadi Mjasiriamali: Majina ya Wachuuzi Wahamiaji katika Historia ya Dar es Salaam

Kuhusu asili ya neno "machinga" kuna maelezo mawili yanayoshindana. Maelezo ya kwanza, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi mitaani, hudai kwamba neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, "marching guy", kwa maana ya kijana atembeaye kutwa nzima na bidhaa mkononi. Maelezo ya pili hulihusisha na Wamachinga, jamii ya watu wa mkoa wa Lindi, ambao jina lao lilikuwepo muda mrefu kabla ya kijana yeyote kutundika mikanda na saa begani katika Mtaa wa Msimbazi. Maelezo ya kwanza yanachekesha na kupendeza, lakini hayasimami. Kiswahili hakina tatizo na neno linaloishia na "-ai". "Chai", "hai" na "madai" ni ushahidi wa kutosha. Hapakuwa basi na sababu ya kifonolojia ya kuidondosha irabu ya mwisho na kubakiza "-a" peke yake. Zaidi ya hayo, si wachuuzi wa kwanza kuitwa hivyo wala wateja wao waliokuwa wakifanya biashara kwa Kiingereza. Yamkini kilichoyapa nguvu maelezo hayo ni jina la mahali penyewe palipofanyika biashara hiyo, maana Kariakoo kweli imetokana na Kiingereza: ni kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, "Carrier Corps", kilichopiga kambi pale. Mji uliokwisha kumeza neno moja la kijeshi haukuona ajabu kumezeshwa la pili.

Kwamba jina la kabila linaweza kuwa jina la kazi si jambo geni katika Kiswahili. Katika karne ya 19, biashara ya misafara ilipostawi kati ya pwani na maziwa makuu, sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa Wanyamwezi, hata mtu wa pwani alipotaja Mnyamwezi aghalabu alikuwa akimaanisha mtu wa mzigo. Baadaye, katika mashamba ya mkonge, mchakato ulikwenda mbali zaidi. Vibarua waliokusanywa kutoka mikoa ya mbali, hususan baada ya wenye mashamba kuunda shirika lao la kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, waliitwa "manamba". Hapo hata kabila lilifutika, ilibaki namba. Neno "machinga" limo katika ukoo huu wa maneno. Kisarufi limekwisha kuachana na kabila: huandikwa kwa herufi ndogo, huweza kuwa "mmachinga" na "wamachinga" au kubaki "machinga" katika umoja na wingi, na limezaa nomino dhahania "umachinga". Msukuma wa Mwanza auzaye soksi ni machinga, na hakuna anayeona kinyume ndani ya sentensi hiyo.

Lakini kwa nini Lindi na Mtwara? Kusini mwa Tanzania palikuwa mahali ambapo njia za kipato zilifungwa moja baada ya nyingine. Mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulikufa mapema katika miaka ya 1950. Mkonge ulianguka bei. Korosho, ambayo ilifikia takribani tani 145,000 kwa nchi nzima katika msimu wa 1973/74, ilishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, baada ya wakulima kuhamishiwa vijiji vya ujamaa vilivyokuwa mbali na mikorosho yao na baada ya bei ya mkulima kudidimia. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika kila masika, kwani Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Kijana aliyevuka mto huo hakuwa anafuata taa za mji, kama wahubiri wa siasa walivyopenda kusema. Alikuwa amefanya hesabu.

Mji alioufikia ulikuwa na jina lake tayari kwa mtu wa aina yake. Jina hilo ni "mhuni". Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 mhuni ni mtu wa kutangatanga, asiye na makazi maalumu. Uovu wa tabia ni sehemu tu ya maana hiyo. Serikali ya kikoloni ililichukua neno hilo na kulipa kazi ya kisheria. Mji ulikuwa umegawanywa tangu enzi ya Wajerumani katika sehemu zilizokuja kujulikana kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mwafrika aliruhusiwa kuwemo mjini kwa kadiri alivyohitajika na mwajiri. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Hapo ndipo ulipo mzizi wa suala zima: mtu aliyejiajiri kwa kuuza samaki wa kukaanga au maji ya kunywa hakuwa na mwajiri wa kumtolea ushahidi, na kwa hiyo, mbele ya karani wa wilaya, hakuwa na kazi. Akakamatwa, akarudishwa kwao, akarudi tena mjini.

Ni vyema kutambua kwamba Kiswahili cha pwani hakikukosa neno la heshima kwa mtu huyo. "Mchuuzi", na lahaja yake "mchuruzi", ni neno la zamani litokanalo na kitenzi "chuuza", kununua vingi na kuuza kidogo kidogo. Halina matusi ndani yake wala sifa. Lingeweza kutumika katika sheria bila kupindisha lolote. Halikutumika, kwa sababu sheria haikutaka kueleza anachofanya mtu huyo bali mahali anapostahili kuwa.

Uhuru wa mwaka 1961 uliiondoa serikali ya kikoloni lakini haukuiondoa fikra hiyo. Pengine hili ndilo jambo gumu zaidi kulikubali kwa waipendao enzi ya ujamaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukuza kazi, na kazi iliyotukuzwa ilikuwa ya jembe na kiwanda. Katika lugha ya siasa ya wakati huo, anayenunua na kuuza bila kuzalisha alikaribia kuwa "mnyonyaji". Akiwa mkubwa aliitwa "mlanguzi", akiwa mdogo aliitwa "mzururaji". Misaada ilifuata mpaka huo huo wa maneno. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilikuwa na nia njema na limewasaidia mafundi wengi. Ila jina lenyewe latosha kuonyesha nani aliachwa nje. Fundi seremala wa Keko aliweza kuwa na kiwanda kidogo. Muuza machungwa wa Manzese hakuwa na kiwanda cha ukubwa wowote.

Mwaka 1976 kulikuwa na kampeni ya kuwataka watu wote wafanye kazi, na wengi wasio na ajira rasmi walisombwa kutoka Dar es Salaam kupelekwa vijijini. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mtu mzima mwenye uwezo alitakiwa athibitishe kwamba ana kazi halali. Asiyeweza alipelekwa shambani. Wachuuzi walikamatwa pamoja na wazururaji, mama wauza vitumbua pamoja na wezi wa mifukoni. Utekelezaji wake ulishindwa haraka, kwa sababu ambayo maofisa wenyewe waliijua: mshahara wa mfanyakazi wa serikali ulikuwa haumfikishi katikati ya mwezi, na nyumbani kwake pia kulikuwa na mtu anayeuza maandazi.

Kilichofuata ni mojawapo ya mageuzi ya maana yanayostahili kuingizwa katika vitabu vya semantiki ya Kiswahili. Serikali, ikitafuta namna ya kutofautisha mchuuzi na mzururaji, ilianza kutoa leseni ndogo za biashara chini ya utaratibu wa sheria hiyo hiyo. Leseni ikaitwa "leseni ya nguvu kazi", na punde ikaitwa "nguvu kazi" tu. Jina lililokuwa la kumfukuzia mtu mjini likawa jina la karatasi ya kumbakiza. Mchuuzi aliyekimbia nguvu kazi mwaka 1983 aliweza, miaka michache baadaye, kuitoa mfukoni na kumwonyesha askari. Uagizaji wa bidhaa ulikuwa umelegezwa kuanzia mwaka 1984. Mitumba, ambayo watu wengine waliiita kwa dhihaka "kafa Ulaya", ilijaa masokoni. Na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza tangu mwaka 1985 hadi 1995, akapewa jina la Mzee Ruksa. Ni katika kipindi hicho ambapo "machinga" lilienea na kuwa jina la kila mchuuzi atembeaye.

Swali ambalo wanahistoria wa sera hulipita haraka mno ni hili: katika miaka yote hiyo ya kufukuzwa na kuvumiliwa, nani aliyemsaidia mhamiaji huyu kuanza? Benki hazikumjua. Halmashauri ilimjua kwa virungu. Jibu limo katika istilahi moja ya mtaani, "mali kauli".

Mali kauli ni mali itolewayo kwa neno la mdomo. Mwenye duka au ghala Kariakoo humkabidhi kijana bidhaa asubuhi bila kupokea fedha, wakiwa wamekubaliana bei ya kurejesha; kijana huzitembeza, huongeza chake juu, na jioni hurudisha fedha ya vilivyouzwa pamoja na mali iliyosalia. Hakuna hati wala shahidi wa kisheria. Kuna mdhamini tu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kwao aliyetangulia mjini, na ambaye jina lake ndilo linalowekwa rehani. Kijana akitoroka na mzigo, hasara humwangukia huyo aliyemleta, na habari hufika kijijini kabla yake. Wachuuzi hao aghalabu hulala wengi katika chumba kimoja cha Manzese, Tandale au Buguruni, na chumba hicho ni zaidi ya malazi: ndipo mgeni anapofundishwa mitaa, bei, lugha ya kumwitia mteja na nyakati za kuwakimbia askari. Uchunguzi wa A. J. Liviga na R. D. K. Mekacha kuhusu wamachinga wa Dar es Salaam, uliochapishwa na REPOA mwaka 1998, ni miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoutazama uhamaji huu wa vijana kama njia ya kuupunguza umaskini. Si jambo la bahati kwamba mmoja wa watafiti hao alikuwa mwanaisimu.

Neno "kauli" lenyewe limetokana na Kiarabu, na kanuni ya biashara iliyomo ndani yake ina umri mkubwa kuliko mji wa Dar es Salaam. Misafara ya karne ya 19 iliendeshwa kwa mali iliyotangulizwa. Mfadhili Taria Topan wa Unguja alimkopesha Tippu Tip bidhaa ambazo malipo yake, yaani pembe, yalikuwa bado porini. Tofauti na leo ni ukubwa wa mzigo na urefu wa safari. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mali kauli ni wema mtupu. Bei ya kurejesha hupangwa na mwenye duka, na kijana hana pa kukata rufaa. Mvua ikinyesha kutwa, au askari wa jiji wakimnyang'anya mzigo, deni linabaki lile lile. Aidha, mwenye duka hufaidika kwa namna ambayo haisemwi sana: bidhaa zake huuzwa barabarani bila kodi ya pango na, mara nyingi, bila risiti. Mwenye duka anayelalamika hadharani kwamba wamachinga wameziba mlango wake huweza kuwa ndiye aliyewapa mzigo asubuhi.

Upande wa wanawake una msamiati wake. Mwanamke apikaye na kuuza chakula kwenye maeneo ya ujenzi na vituo vya mabasi aliitwa "mama ntilie". Jina hilo ni sauti ya mteja: "mama, nitilie", likiwa limedondoshwa irabu kama ilivyo desturi ya usemi wa pwani. Ni miongoni mwa nomino chache za kazi katika Kiswahili zinazohifadhi ndani yake mazungumzo ya watu wawili, mwenye njaa na mwenye sufuria. Baadaye pakatokea wenye kuona kwamba jina hilo ni la kudhalilisha, likaletwa "mama lishe", ambalo linanukia semina za afya. Wanawake wenyewe walilipokea bila ugomvi, na wanaume walioingia katika kazi hiyo wakaitwa "baba lishe". Lakini kilichopotea katika badiliko hilo ni mteja.

Wakati mitaa ikizaa majina yake, wataalamu nao walikuwa wakizaa yao. Mwanaanthropolojia Keith Hart alifanya utafiti miongoni mwa wahamiaji wa Kifrafra kutoka kaskazini mwa Ghana walioishi Nima, mtaa wa kimaskini wa Accra, na mwaka 1971 akawasilisha dhana ya kipato kisicho rasmi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly uliitumia dhana hiyo katika taarifa yake kuhusu Kenya, ukapinga bomoabomoa na bughudha dhidi ya wafanyabiashara wadogo wa Nairobi. Hivyo "sekta isiyo rasmi" ni dhana iliyozaliwa kwa wahamiaji wa mtaa wa Accra na kukulia Nairobi. Kiswahili kiliitafsiri kwa uaminifu, pamoja na ukanushi wake: "isiyo". Mtu anaelezwa kwa kile asichokuwa nacho.

Wakenya, kwa bahati yao, walikuwa na neno lisilo na ukanushi. "Jua kali" lilitaja hali ya mafundi waliogonga mabati bila paa huko Kamukunji na Gikomba, na lilipokuja kuingia katika sera lilikuwa tayari limebeba dai ndani yake. Mtu akisema anafanya kazi katika jua kali, msikilizaji anajua kinachotakiwa. Ndivyo ilivyokuwa: katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda, na mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera uliolitaja jina la jua kali waziwazi. Neno "machinga" halikuwa na dai la aina hiyo. Lilisema tu mtu ametoka wapi.

Katika Tanzania, neno lililokuja kuleta heshima lilitoka kwenye warsha. "Mjasiriamali" halimo katika kamusi ya Johnson. Ni neno ambatani, ambamo kitenzi "jasiria", kuthubutu kwa ajili ya jambo fulani, kimeunganishwa na "mali". Kimuundo limejengwa vizuri, na lilienea kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ilipotolewa mwaka 2003. Mwaka uliofuata ulianzishwa MKURABITA, Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, kwa kufuata mawazo ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto. Majina hayo mawili ya zama moja yanapingana. Moja linamwita mtu huyo jasiri. Jingine linamwita mnyonge. Yaelekea yule aliyetarajiwa kwenda benki na hati ya nyumba yake ya Manzese alipaswa kuwa yote mawili kwa siku moja. Mhamiaji aliyepanga chumba, yaani wengi wa wamachinga, hakuwa na nyumba ya kurasimisha.

Mwaka 2006 wachuuzi waliondolewa tena barabarani, na jibu lililotolewa baadaye lilikuwa jengo: Machinga Complex, Ilala, karibu na soko la Karume, lililojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Ghorofa zilikuwa na vizimba vya kuchukua maelfu ya wachuuzi, na vingi vilibaki vitupu kwa muda mrefu. Kosa lake linaonekana katika sarufi. Machinga ni mtu amfuataye mteja. Kumpandisha ghorofani amsubiri mteja ni kumfanya mtu mwingine. Wapangaji hawakulisikiliza neno waliloliandika ukutani.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4. Mwenye kitambulisho hakupaswa kutozwa ushuru mwingine wala kufukuzwa. Kwa mara ya kwanza tangu leseni ya nguvu kazi, mchuuzi atembeaye alikuwa na kitu cha kumwonyesha askari, na kwa miaka michache barabara za Kariakoo zilijaa meza hadi katikati ya lami. Vitambulisho vya kwanza havikuwa na jina la mwenye navyo wala picha yake. Katika mwaka huo huo wa 2018 sheria iliwekwa ya kuzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ulitolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na kijana kwa kanuni za awali alikuwa mtu asiyezidi miaka 35. Mwanamume wa miaka 40 aliyetoka Newala na kuuza viatu kwa miaka 15 hakuwa mwanamke, hakuwa kijana, na kikundi chake kilikuwa ni wale aliolala nao chumba kimoja. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya fedha zisizorejeshwa, ikafufuliwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya.

Oktoba 2021 wachuuzi waliondolewa barabarani katika miji mingi ya nchi. Neno lililotumika rasmi safari hii halikuwa "kuondoa" wala "operesheni" bali "kuwapanga". Kitenzi hicho kina upole, na si haki kusema kwamba upole huo ulikuwa wa maneno tu: maeneo yalitengwa, viongozi wa wachuuzi walishirikishwa katika baadhi ya miji, na fedha za masoko mapya zilitolewa. Lakini maeneo mengi yaliyotengwa yalikuwa mbali na vituo vya mabasi, na baada ya miezi kadhaa meza zilianza kurejea. Julai mwaka huo soko kuu la Kariakoo lilikuwa limeungua, na Januari 2022 likaungua la Karume. Mwezi huo huo wa Januari serikali iliunda Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na wamachinga, kwa kuwa sasa walikuwa kundi maalumu, wakawekwa humo. Wenye maduka wanaowapa mzigo asubuhi walibaki katika wizara ya biashara.